Dele la shaba na seredani yake: maoni ya mtu wa ghorofa isiyo na baraza

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Dele la shaba, yaani birika la kahawa, la ukubwa wa kati pamoja na seredani yake, kijiko cha makaa cha kuliwekea, lilinitoka shilingi 6,500 kwa mzee mmoja fundi wa vyombo vya shaba huku Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kibokoni. Alianza na 9,000. Tukavutana, akaitisha kahawa, tukanywa, tukavutana tena. Vikombe havimo humo: nusu dazeni ya vile vidogo visivyo na mkono nililipia 600 soko la Marikiti, na koleo la kushikia makaa nikaongeza 150.

Kwa pesa hizo unapata birika zuri la umeme, chupa ya chai ya lita tatu na nauli ya tuktuk ya kurudia nyumbani. Kwa hiyo ni haki mtu kuuliza: dele la nini, na huyu si mchuuzi wa kahawa?

La watu. Nakaa Tudor, ghorofa ya nne. Nyumba tuliyokulia Majengo ilikuwa na baraza mbele, na ile baraza ndiyo iliyotuletea wageni. Hakuna aliyealikwa. Mtu alipita, akatoa salamu, akaulizwa habari za mamake, na kabla hajamaliza kujibu alikuwa ameshakaa. Ghorofa ina geti, mlinzi, daftari la wageni na ngazi zisizokwisha. Rafiki akitaka kukuona lazima apige simu, na akishapiga simu amekuwa mgeni, na mgeni hapewi maji matupu. Unaanza kuwaza pilau. Unawaza nyama, unawaza sofa lililochanika, unawaza nani atakayekusaidia kuosha sufuria. Unamwambia, "Basi shoga, wiki ijayo inshaallah." Na ukishawaza pilau, mambo yamekwisha hapo.

Marafiki zangu wa tangu shule tumetawanyika: mmoja Mtwapa, mmoja Likoni, mmoja Miritini, mmoja Bamburi, na mmoja Ganjoni ambaye ndiye wa karibu na ndiye mchelewaji. Kwa miaka tulikuwa tunaonana harusini na matangani tu, tumevaa vizuri na tuna haraka.

Tulijaribu chama. Elfu mbili kila mwezi, mmoja anapokea. Chama ni kizuri kwa anayetaka friji, sina ubishi, lakini kwa urafiki kina kasoro ambayo watu hawaisemi. Mwezi usio na elfu mbili, huji. Mwezi unaofuata una deni na aibu, basi huji tena. Wa Ganjoni alitupotea hivyo, dakika kumi kwa tuktuk kutoka kwangu, bila ugomvi wowote na mtu yeyote. Ilikuwa hesabu tu.

Sasa turudi kwenye dele lenyewe, maana kuna ya kuangalia kabla hujatoa pesa.

Shaba hii ni ile ya manjano, shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Haishikwi na sumaku. Nenda na sumaku, hata ile ndogo ya kubandikia karatasi kwenye friji, uiguse tumbo la dele, kifuniko na mkia wa mdomo. Ikinata, ulichoshika ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu aliagiza lake kwa simu kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha inang'aa kama bibi harusi, na likaja limefungwa vizuri. Baada ya kuchemshwa mara chache rangi ikaanza kutoka magamba na kutu ikachungulia shingoni. Muuzaji hapokei simu. Dele lile sasa lina maua ya plastiki na linapendeza kwa kazi hiyo.

La pili, ambalo ni muhimu zaidi, ni ndani. Fungua kifuniko utazame. Ndani pasiwe pa manjano; pawe peupe, rangi ya fedha iliyofifia. Huo weupe ni bati lililoyeyushwa na kupakwa, kwa sababu kahawa ina uchachu wake, na uchachu ukikaa kwenye shaba tupu unaitoa shaba na kuitia kwenye kinywaji. Ndicho kinachomfanya mtu atapike na kulaumu halua. Mzee fundi alinigeuzia dele juani ili nione kwamba bati limefika mpaka kwenye pindo la chini, pale mikono ya mafundi wavivu haifiki. Nilipomuuliza litakaa muda gani alinijibu, "Mwanangu, inategemea wewe unasahau mara ngapi."

Alikuwa na maana yake. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi hivi. Dele likiwa na maji ndani haliwezi kufika huko, maji yanachemkia 100 na yanalilinda. Ukiliacha tupu juu ya makaa mekundu ukaenda kupokea simu, ukirudi utakuta bati limeteremka na kuganda chini kwenye vidonge, na utalirudisha kwa fundi ulipie upya. Kwa hiyo kanuni ya nyumba yangu: maji kwanza, moto baadaye, na likikauka, linashuka.

La tatu ni mdomo. Dele zuri lina mdomo mrefu uliopinda kama wa ndege, na mimino yake ni nyembamba na haitiririki kifuani mwa chombo. Lijaribu na maji palepale dukani, usione haya. Langu lina kaugonjwa kadogo: tone la mwisho hurudi likateleza chini ya mdomo, basi kila nikimimina nina kitambaa mkono wa kushoto. Mzee alinipa nyuzi za usumba nizisokote na kuzitia kwenye tundu la mdomo kwa ndani, zichuje machicha. Zinafanya kazi. Zibadilishe tu mara kwa mara, la sivyo kahawa ya leo inakuja na ladha ya juma lililopita.

Kahawa yenyewe nanunua Marikiti, soko ambalo Mwingereza alilifungua 1914 kwa jina la Mackinnon na mji ukaendelea kuliita Marikiti. Nataka iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kusagwa siku hiyohiyo. Maji lita moja na nusu, kipande cha tangawizi kavu kilichopondwa, kijiti cha mdalasini, iliki chache zilizopasuliwa. Yakishachemka na kutoa harufu natia vijiko vitano vikubwa vya kahawa, napunguza makaa kwa koleo, naiacha ichemke polepole karibu nusu saa. Kisha inatulia kidogo, machicha yashuke. Sukari haingii, utamu uko kwenye halua, au tende kama halua imekwisha. Wako wanaotia karafuu. Sina ugomvi nao, lakini wasije kuitia kwenye dele langu.

Kazi yangu ni ya kliaringi, kupitisha mizigo bandarini, kwa hiyo kahawa naifahamu zaidi kwa karatasi kuliko kwa kikombe. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya huuzwa nje na kupitia hapahapa bandari ya Kilindini. Kontena moja la futi 20 hubeba magunia kama 320 ya kilo 60, na nimeshapitisha makontena ya kutosha kuulewesha mji mzima kwa kukosa usingizi. Rafiki yangu wa Miritini ni Mtaita, na kwao ni Bura, mahali ambapo wamishenari Wafaransa walipanda mibuni 1893. Huhesabiwa kuwa mwanzo wa kahawa nchini. Hilo tunalijua sote, maana kila akishika kikombe analitaja na kudai ushuru.

Niseme jinsi kikao kinavyokwenda, ndipo mtaelewa kwa nini nimeandika haya yote juu ya chombo cha kuchemshia.

Ni Jumapili, kuanzia saa kumi na nusu alasiri mpaka magharibi. Siku haibadiliki. Simwaliki mtu wala siulizi nani anakuja. Wanajua moto utawashwa, na atakayekuja atakuta kahawa. Hakuna chakula cha jioni. Hakuna mchango, hakuna ajenda, hakuna wa kuandika kumbukumbu. Makaa, kahawa, viungo na halua robo kilo havinifikishi shilingi 500, na huo ndio mpaka niliojiwekea, kwa sababu kitu kikizidi hapo nitaanza kutafuta sababu za kuahirisha. Najijua. Akija mtu na sambusa, tunakula sambusa. Asipokuja nazo, hakuna anayezikumbuka.

Vikombe ni vidogo, na mzee fundi alinionya nisivijaze: nusu, au juu ya nusu kidogo. Mwanzoni nilidhani ni ubahili. Lakini kikombe cha nusu kinaisha upesi, na kikiisha mtu ananyoosha mkono, na akinyoosha mkono lazima mwingine amtazame na kummiminia. Jioni nzima ni watu kutazamana na kumiminiana. Na kwa kuwa kikombe hakina mkono na kina joto, unakishika kwa vidole kwenye ukingo, unakigeuzageuza, unakipuliza. Simu huishiki. Sikuwahi kumwambia mtu aweke simu, kikombe kiliwaambia.

Seredani nayo ina kazi yake. Chupa ya chai inakaa pale mezani imenyamaza, kila mtu anajihudumia. Moto unataka mtu. Huyu anapepea, yule anaongeza kaa, mwingine anasogeza dele upande. Nimeona kwamba mtu mwenye jambo zito halisemi akiwa amekaa sofani ametazamwa na watu watano. Analisema akiwa anapepea makaa, ametazama chini, kana kwamba anayaambia makaa. Mambo mawili makubwa ya maisha ya rafiki yangu wa Bamburi niliyasikia hivyo, na siyataji hapa.

Wa Ganjoni alirudi. Alipanda ngazi akafika juu anatweta, na mkononi ana bahasha. Hakukaa. "Hii ni ya ile miezi ya nyuma," akaanza, na sauti yake ilikuwa imeandaliwa tangu nyumbani. Wa Likoni, ambaye alikuwa na kipepeo, hakuinua hata macho.

"Shoga, weka hiyo kwa mkoba, itashika moto hapa. Shika kikombe."

"Lakini mimi nataka tu—"

"Kuna mtu kakudai? Chama kilikufa, hata mweka hazina hakumbuki alikizika wapi. Shika kikombe, kinaniunguza."

Akashika. Mweka hazina, ambaye ni mimi, nikammiminia. Tukaendelea na hadithi tuliyokuwa nayo, ya mama mkwe wa mtu na blenda. Tangu siku hiyo anakuja, anachelewa vilevile, na bahasha sijaiona tena.

Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, Jeffrey Hall, alichapisha mwaka 2018 makadirio ya saa watu wanazohitaji kukaa pamoja: kama saa 50 kutoka kujuana hadi urafiki wa juujuu, kama 90 kuwa marafiki, na zaidi ya 200 kuwa marafiki wa ndani. Ninayempenda kwenye hesabu hii ni yule wa ghorofa ya tatu, jirani wa maua ya plastiki. Tulikaa jengo moja miaka tukisalimiana kwenye ngazi, "Hujambo," "Sijambo," basi. Harufu ya iliki ndiyo iliyompandisha juu. Aliuliza kama kuna shughuli. Tukamwambia hakuna shughuli yoyote, kaa. Sasa saa zake nami zinaongezeka kila Jumapili. Akiumwa najua, na mtoto wake akifukuzwa shule kwa karo najua. Kwa ngazi tungefika mwaka gani?

Waarabu wa Ghuba, ambao dele letu limetoka kwao, wana adabu moja niliyoipenda nikaileta hapa: ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo unapokirudisha. Usipotikisa unaongezwa. (Hao walipeleka kahawa yao UNESCO, Imarati, Saudia, Oman na Qatar kwa pamoja, na mwaka 2015 ikaandikwa kwenye orodha ya turathi za utamaduni. Pwani yetu hakuna aliyetuuliza, na tunainywa kila jioni.) Kutikisa kikombe kunamwokoa mgeni na ile vita ya "ongeza kidogo," "nimeshiba," "hata kidogo tu, wallahi." Wa Likoni anatikisa mapema kuliko wote, kwa sababu anataka kuwahi feri kabla umati haujajaa pale Likoni. Hakuna anayemuuliza mbona mapema. Ameshatikisa.

Sasa lawama, maana zipo.

Kwanza, makaa si ya ndani ya nyumba. Yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na chumbani palipofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Usiniambie una feni. Sisi tunakaa juu kwenye rufu, penye matangi ya maji na kamba za nguo, mikeka miwili, na mkono wa bahari wa Tudor unaonekana kwa pembeni. Kama jengo lako halina rufu wala roshani iliyo wazi, seredani usiinunue. Pika kahawa kwa gesi jikoni uilete ndani ya dele. Utapoteza nusu ya raha, lakini utaamka kesho.

Pili, upepo. Kusi kikivuma, cheche zinaruka na majivu yanaingia machoni. Nimeweka ukuta wa vipande vitatu vya matofali kuzunguka seredani, na mikeka iko upande upepo unakotoka. Kaskazi ni nafuu. Mvua za Aprili na Mei, tunahamia koridoni na chupa ya chai, na kusema kweli vikao hivyo vinafifia: watu wanakaa nusu saa wanaondoka.

Tatu, wenye jengo. Wakala wa mwenye nyumba alisikia kwamba kuna vikao kwenye rufu, na siku hizi mtu akisikia kikao anawaza muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha kama miraa. Mei 2024 kaunti ilijaribu kuipiga marufuku muguka, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo siku chache tu baadaye, kwa hiyo kila mtu bado ana hasira zake. Wakala akapanda juu kwa kishindo. Akakuta akina mama wa miaka arobaini na kitu, halua kwenye sahani, na mazungumzo ya bei ya nyanya. Akapewa kikombe. Alichosema ni kwamba tusiache majivu, na hilo ni haki yake. Mlinzi wa chini anapelekewa chake kwenye kikombe cha chai, kwa sababu hivi vidogo anasema vinamdharau.

Nne, usafi. Shaba inapoteza mng'aro upesi kwenye hewa yetu ya chumvi. Ukwaju uliorowekwa na majivu laini, sugua nje, suuza, kausha kwa kitambaa palepale. Ndani usisugue na chuma, utalikwangua bati. Maji moto na sifongo vinatosha. Ni kazi ya dakika ishirini ambayo hakuna mgeni anayekusaidia, maana wote wameshawahi magari ya Mtwapa.

Tano, usingizi. Kahawa hii si ya mchezo. Anayelala saa tatu asinywe baada ya magharibi. Wa Bamburi ana presha, na daktari wake amemkataza, kwa hiyo napika tangawizi yake kwenye sufuria ndogo pembeni na anainywa kwa kikombe kilekile kama sisi. Hilo la kikombe kilekile msilipuuze. Mpe mtu glasi ya tofauti na umemtenga kidogo, hata kama hukukusudia.

Sita, kipini. Kinashika moto. Mzee alikizungushia kamba ya katani lakini imeshaanza kulegea, na kwa bei ile ningetarajia aifunge vizuri zaidi. Hapo nimekata nyota moja.

Mtu ataniambia, kwa nini usiwapeleke mkahawani? Tulikwenda, mmoja wa upande wa Nyali, mzuri, na viti vya kuzama. Tulipomaliza vikombe mhudumu alikuja kuuliza kama tunataka kitu kingine, akaja tena, akaja tena, na bili ilipokuja kila mtu akawa anasoma cha kwake. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina je? Tangu pajengwe upya 2019 panapendeza, na kwa muhogo wa kukaanga, dafu na kutazama meli zikiingia sina pa kupalinganisha. Tunakwenda watoto wakiwa likizo. Lakini huko ni matembezi. Kila mtu anatazama bahari, na mara moja mmeshatawanyika kutafuta watoto.

Kwa Ramadhani nabadilisha: moto unawashwa baada ya tarawehe, na wasiofunga wanakuja saa hiyohiyo, wanachoka nasi. Mwaka uliopita wa Miritini alileta mkate wa sinia aliofundishwa na jirani yake Mswahili, na ulikuwa bora kuliko wangu. Nimeyaandika hayo kwa sababu alinilazimisha.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano. Nunua kama una pahali pa wazi pa kukaa, kama uko tayari kushika siku moja usiibadilishe, na kama unaweza kuvumilia mtu akija hujadeki. Usinunue kama unalitaka la kabatini. Kwa hilo lipo la bei nafuu mtandaoni, sumaku itakuonyesha. Ukubwa wa kati unatosha watu sita hadi wanane kwa vikombe vitatu vitatu. Dogo litakuweka kwenye moto jioni nzima kama mchuuzi, na kubwa ni zito, utahitaji mtu wa kukusaidia kulipandisha ngazi.

Kupaka bati upya mzee anachukua shilingi 800 na anakaa nalo siku mbili, basi usilipeleke Jumamosi. Ijumaa hafungui mpaka baada ya swala, na asubuhi ndiyo anakuwa na subira ya bei. Msalimu vizuri, kunywa kahawa yake, na lile unalolipenda lishike la mwisho.